Siku mbili katika theluji

Watoto, mmesikia habari za mlima Ruwenzori, ulio mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kirefu kina metre 5,109, na huko juu huanguka theluji. Theluji ni nini? Ni mvuke wa maji ulioganda katika mawingu. Huanguka polepole, nyeupe kama pamba, nayo ni baridi sana.

Katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya, theluji huifunika milima mirefu tangu Desemba hata Machi. Wakati huo wazee kwa watoto hupanda milimani kucheza. Leo tufuatane na jamaa moja ya mji wa Bern: baba, mama, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8.

Jumamosi asubuhi wanapanda treni mpaka bonde la Lauterbrunnen. Hapo wanaingia treni nyingine, kwa sababu watu hawafiki kwa motokari katika kijiji cha Wengen, wanakokwenda. Njia hiyo ya treni ilifunguliwa mwaka 1893. Inapanda sana, basi chini ya treni kuna gurudumu lenye meno, na katikati ya reli kuna chuma chenye meno vilevile. Meno yanashikana, na treni hairudi nyuma.

Huko Wengen kila mtu anavaa nguo nzito, kofia ngumu na viatu vigumu. Chini ya kila kiatu anafunga ski. Ski ni kama ubao mwembamba, mrefu, uliopinda juu kwa mbele. Kwa ski mbili mtu huteleza juu ya theluji kama mtumbwi juu ya maji. Akianguka vibaya, kifungo hufunguka chenyewe, mguu usivunjike.

Mtoto mdogo anaanza kwenye mteremko mfupi, pamoja na mwalimu. Je, anafundishwa kwanza kwenda mbio? Sivyo, anafundishwa kusimama! Anazikaribisha ncha za mbele za ski na kuzitanua za nyuma. Anaanguka, anacheka, anainuka tena.

Jumapili wanapanda juu zaidi. Njia zina alama za rangi: buluu ni njia nyepesi, nyekundu ni ngumu kidogo, nyeusi ni ya hodari. Tena kuna amri moja kubwa: anayetoka juu amwangalie aliye chini yake, kwani aliye chini hana macho kisogoni.

Kando ya njia mtoto anaona theluji safi, isiyokanyagwa na mtu.

– Dada, tupite hapa!

– Hapana, mdogo wangu. Tazama kibao kile: pamefungwa.

Mtoto ananuna. Baba anawafikia na kusema:

– Mwanangu, theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kuiporomosha yote.

Ninyi mnajua jinsi udongo wa mlima unavyoporomoka baada ya mvua nyingi. Theluji hufanya vivyo hivyo. Mwezi wa Februari 1999, katika kijiji cha Galtür, nchi ya Austria, theluji iliporomoka ikaua watu 31. Kwa hiyo wakati wa baridi watu wenye maarifa huipima theluji na kutangaza hatari kwa hesabu, tangu 1 mpaka 5. Kibao kile hakikuwekwa ili kuwanyima watoto furaha. Kiliwekwa ili warudi nyumbani wazima.

Mtoto anamfuata dada yake katika njia ya buluu. Jioni wote wanne wanashuka kwa treni, wamechoka na kufurahi.

Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Maulizo
1. Theluji hutoka wapi?
2. Kwa nini treni ya Wengen hairudi nyuma?
3. Anayeteleza kutoka juu ana kazi gani?
4. Kwa nini dada alikataa kupita penye kibao?
5. Je, kwenu kuna mahali palipokatazwa kupita? Eleza sababu.