Mwalimu Mlezi na Mhitimu Anayetafuta Kazi

Katika masomo ya mbinu za kufundishia tumezoea kumtazama mwalimu akiwa tayari darasani, chaki mkononi. Safari hii yafaa tumtazame mwalimu aliyekwisha kuhitimu lakini hajapata darasa. Jambo hili lakuhusu wewe mwanachuo, kwani huenda miaka kadhaa ikapita kati ya siku utakayopokea cheti na siku utakayopangiwa kituo.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, nao walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa kwanza, wakajifunza ualimu wakiwa kazini kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na chini ya uangalizi wa waratibu elimu wa kata na walimu wenye uzoefu. Zaidi ya 30,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wao walipata kazi kabla ya cheti. Mhitimu wa leo hupata cheti kabla ya kazi. Hata hivyo, hitaji la wote ni moja, yaani mtu wa kuwaongoza.

Mhitimu wetu mmoja alitujia hapa Songea miaka mitatu baada ya kumaliza mafunzo. Muda huo alikuwa akiuza mahindi sokoni. Alikuwa ameitwa kwenye usaili, maana siku hizi mwalimu aombaye kazi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira na kusailiwa. Alihitaji barua ya utambulisho tu, lakini tulimwomba afundishe kidogo mbele ya wanachuo. Aliandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 5/6. Mwanachuo mmoja, akijifanya mtoto wa darasa la tano, akauliza, "Mwalimu, kwa nini isiwe 2/5?" Akajibu kwamba kanuni ndivyo isemavyo, kisha akanyamaza. Kijana yule alipokuwa mafunzoni aliijua sababu. Ilikuwa imemtoka kwa kukaa bila kuitumia.

Hapo tuliona kosa letu sisi wakufunzi. Tulikuwa tumempa alama, tukamuaga, tukadhani kazi yetu imekwisha. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani, tulimkabidhi kwa mwalimu mwenye uzoefu, asubuhi mbili kila juma, kwa majuma sita. Utaratibu uliofuatwa ni huu:

1. Kutazama. Juma la kwanza mlelewa alikaa nyuma ya darasa, akaandika maswali ya watoto na namna yalivyojibiwa.

2. Kuandaa pamoja. Waliandika andalio la somo wawili, mlezi akiuliza kila hatua, "Mtoto atafanya nini hapa?"

3. Kufundisha. Mlelewa alishika kipindi, naye mlezi hakumkatiza.

4. Kuzungumza baada ya kipindi. Mlezi alitaja jambo moja jema na moja la kurekebisha, hakuzidisha.

Katika zoezi la sehemu, mlezi alimfundisha kukunja ukanda wa karatasi katika visehemu sita vilivyo sawa. Nusu ni visehemu vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano. Tena watoto waliona wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Jumla itakuwaje ndogo kuliko kijumlishwa?

Hakupata nafasi katika usaili ule. Twalisema hili wazi ili mtu asidhani kuwa ulezi huumba nafasi za kazi. Ila alirudi siku ya pili kwa mlezi wake, daftari mkononi, akaeleza maswali aliyoulizwa na yale yaliyomshinda. Tangu hapo ameendelea na asubuhi zake mbili, na mahindi huyauza mchana. Ulezi huulinda ualimu usife mikononi mwa mtu anayesubiri. Penye wazee haliharibiki neno.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, usingoje kuhitimu ndipo umtafute mlezi. Mchague wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwombe kwa adabu, kupitia mwalimu mkuu. Usimtwike mzigo wa kukutafutia kazi, wala usimgeuze wewe kuwa mtu wa kukusahihishia madaftari yake. Nawe utakapopata kituo, kumbuka kwamba kuna mwenzio nje ya lango anayesubiri.

Maswali ya kujadiliwa
1. Kwa nini mlezi hakumkatiza mlelewa alipokuwa akifundisha?
2. Chagua kanuni moja ya hisabati ya darasa la tano. Mweleze mwenzako sababu yake kwa kutumia kifaa kinachopatikana kijijini.
3. Andika mambo matatu utakayomwomba mlezi wako, na mawili usiyopaswa kumwomba.