Somo la Robo Hii: Kuishi Leo Wakati Tunangoja



Katika vikao vingi tunavyohudhuria parokiani, sehemu ndefu ya muhtasari huwa ni "Yatokanayo", na neno linalojirudia humo ni "tunasubiri". Tunasubiri jibu la andiko la mradi. Tunasubiri awamu ya pili ya fedha. Kusubiri si dhambi, na mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini tumeona jinsi kunavyoikausha kamati: mahudhurio yanapungua, vijana wanaacha kuja, na kikao kinabaki mahali pa kuulizana kama barua imefika. Kwa hiyo robo hii tunapenda kujifunza kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kungoja kuliko sisi sote, yaani Kardinali François-Xavier Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam.

Aprili 1975 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu mwandamizi wa Saigon, siku chache kabla mji huo haujatwaliwa na majeshi ya Kaskazini. Tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, alikamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13, na 9 kati ya hiyo alitengwa peke yake. Hakufikishwa mahakamani hata siku moja, wala hakuambiwa atatoka lini.

Wakati wa kupelekwa kizuizini, safari ya kilomita 450, mawazo mengi yalimsonga. Akamkumbuka askofu mmisionari aliyefungwa China miaka 12, ambaye alipotoka alisema kwamba nusu ya maisha yake ilipita katika kungoja. Hapo Thuận akaamua kwamba yeye hatangoja. Ataishi dakika iliyopo na kuijaza mapendo.

Ni maneno mepesi kuyasema. Uzito wake unaonekana tukiuliza alifanya nini baada ya hapo. Alipokuwa chini ya ulinzi kijijini, alimwona mtoto wa miaka 7 akirudi kutoka Misa ya alfajiri. Akamwomba amwambie mama yake amnunulie kalenda za zamani. Kila usiku wa Oktoba na Novemba 1975 aliandika nyuma ya karatasi hizo ujumbe kwa waamini wake, na mtoto akazipeleka nyumbani, ambako ndugu zake walizinakili. Maandiko hayo yakawa kitabu cha mafungu 1001, ambacho kilisomwa na Wavietnam waliokimbia kwa mashua na baadaye kutafsiriwa katika lugha nyingi. Alianza na kalenda kuukuu na mtoto mmoja.

Hata hivyo uamuzi wa kwanza haukumaliza vita. Alipotengwa peke yake aliteswa na mawazo ya kazi alizoziacha nusu: seminari, nyumba za watawa, miradi ya jamii. Alikuwa na umri wa miaka 48, mwenye nguvu na uzoefu, naye hafanyi lolote. Usiku mmoja alihisi rohoni kwamba anaulizwa kwa nini anajitesa hivyo, na kwamba lazima atofautishe Mungu na kazi za Mungu. Kazi hizo zote zilikuwa njema, lakini hazikuwa Mungu. Hapo akapata amani. Tunawaomba wanakamati wasipite haraka mahali hapa. Zahanati ikichelewa, tunaweza kudhani Mungu naye amechelewa.

Kambini waliruhusiwa kuandika nyumbani kuomba mahitaji. Aliomba divai kidogo kuwa dawa ya tumbo. Waamini wakaelewa, wakamletea kichupa cha "dawa", na hostia zimefichwa ndani ya tochi. Kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono aliadhimisha Misa. Taa zilipozimwa usiku, aliwapitishia wafungwa wenzake Komunyo chini ya chandarua. Na walinzi ambao mwanzoni hawakutaka kuzungumza naye, aliwasimulia habari za nchi alizotembelea na kuwafundisha Kifaransa na Kiingereza. Mlinzi mmoja alijifunza wimbo wa Kilatini wa kumwomba Roho Mtakatifu, akawa anauimba kila asubuhi akifanya mazoezi.

Wapo watakaosema kwamba kuishi leo ni kutopanga, ni ule uvivu wa "Mungu atajua". Sivyo. Mtu hafichi hostia ndani ya tochi bila kupanga. Tofauti ni kwamba mpango wao ulianza na kilichokuwepo. Tuseme kamati imeomba fedha za kisima na jibu halijafika. Paa la kanisa lina bati nzima. Je, limewekwa gata na pipa? Fundi anayekuja Misa kila Jumapili ameshaombwa mchango wa siku moja? Kisima bado kinahitajika, na andiko liendelee kufuatiliwa. Lakini mama anayebeba ndoo kutoka bondeni anaibeba leo.

Kwenu wafadhili tuna neno moja, nalo tunalisema kwa heshima. Kwenu miezi sita ya kupitia maombi ni utaratibu wa ofisi. Huku ni msimu mzima wa kilimo. Barua fupi ya kusema "hapana" au "bado" inaiwezesha kamati kuendelea na maisha. Ukimya unaifunga mikono.

Thuận aliachiwa huru tarehe 21 Novemba 1988. Baadaye aliongoza Baraza la Kipapa la Haki na Amani, akafanywa Kardinali mwaka 2001, akafariki tarehe 16 Septemba 2002. Hadi mwisho alivaa msalaba aliouchonga kambini kwa siri, akauficha ndani ya sabuni. Mkufu wake ni waya wa umeme.

Kwa kikao kijacho, katibu aje na mihutasari ya mwaka mzima. Someni kila palipoandikwa "tunasubiri". Kwa kila kimoja ulizaneni: ni nani anayeumia wakati tunangoja, na mara ya mwisho tulimtembelea lini? Tuko na nini mkononi wiki hii? Tuandikieni majibu yenu, hata kama ni mistari miwili, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.