Kabureta Kubwa Haipandishi Mlima

Swali: Fundi, pikipiki yangu, CG 125, ilikuwa na nguvu Kigoma mjini. Nimehamia Kasulu, sasa nikipakia maharage inachoka mlimani. Ni hewa ya huku?

Jibu: Kwa sehemu ndogo tu. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi kwa takriban asilimia 10. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ni mita mia kadhaa juu ya hapo. Umepoteza asilimia 5 hivi ya nguvu. Ikipungua zaidi, usiilaumu milima. Fungua plagi: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi hewa. Shusha jeti kuu kwa namba moja.

Swali: Nikifunga kabureta kubwa je?

Jibu: Usifunge, nakusihi. Vijana wengi huku wanatupa fedha za marejesho ya pikipiki kwenye kitu hicho. Petroli huvutwa na kasi ya hewa inayopita kwenye koo la kabureta. Koo likiwa pana mno, hewa hupita polepole, petroli inaingia kwa matone badala ya ukungu, na ukivuta mafuta mlimani injini inakohoa. Koo pana linafaa mizunguko ya juu, ambayo mwenye mzigo haifikii.

Swali: Na kamshafti ya mashindano?

Jibu: Hiyo huacha valvu wazi kwa muda mrefu. Kwenye mwendo mkali silinda inajaa vizuri. Kwenye mwendo mdogo, valvu ya kuingiza huchelewa kufunga, pistoni inapanda na kurudisha sehemu ya mchanganyiko ilikotoka, na mgandamizo unaanguka. Ndiyo maana anayeifunga hulazimika kuongeza mgandamizo na kubadili kabureta pia. CG, tangu Honda walipoitoa mwaka 1976, ni injini ya kazi.

Swali: Basi nisage silinda hedi ili mgandamizo upande?

Jibu: Hewa nyepesi inaruhusu kidogo, lakini petroli ya chupa huijui ubora wake; ikiwa duni, injini itagonga. Kwanza rudisha mgandamizo wa kiwandani, takriban 9 kwa 1. Rekebisha nafasi ya valvu, kisha pima kwa geji. Mgandamizo ukiwa chini, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, upime tena. Ukipanda, ringi zimeisha. Usipopanda, valvu au gasketi inavuja. Nunua hicho kilichoisha, kabureta yako iache.