Lazanya ya Mboga: Chungu Kimoja kwa Mgonjwa na Familia Yake

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu aambiwapo apunguze chumvi, mara nyingi hupikiwa chungu chake peke yake: mboga za kuchemsha zisizo na ladha, ilhali wengine nyumbani wanakula kama kawaida. Haishangazi kwamba wengi hurudia mazoea ya zamani. Ushauri unaodumu ni ule unaoiwezesha nyumba nzima kula chungu kimoja, na lazanya ya mboga ni mfano unaofaa.

Lazanya ni chakula cha Italia. Hupangwa kwa matabaka ya tambi bapa, mchuzi wa nyanya, mchuzi mweupe wa maziwa na jibini, kisha huokwa. Chumvi yake haitoki mkononi mwa mpishi pekee. Hujificha katika jibini, sosi ya kopo na vidonge vya supu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai.

Mahitaji (watu 6)

Unga wa ngano gramu 300 na mayai 3, nyanya mbivu kilo 1, bilinganya 2, karoti 2, pilipili hoho 2, mchicha mafungu 2, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 4, mafuta ya alizeti vijiko 6 vya chakula, maziwa mililita 600, jibini gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai kwa chakula chote.

Namna ya kupika

1. Unga na mayai hukandwa, hufunikwa nusu saa, husukumwa vyembamba na kukatwa vipande bapa. Vipande huchemshwa dakika 2 katika maji yasiyotiwa chumvi.

2. Vitunguu hukaangwa kwa vijiko 2 vya mafuta. Karoti, hoho na nyanya huongezwa, na mchuzi huachwa uive mpaka uwe mzito. Chumvi hutiwa hapa tu.

3. Bilinganya hukatwa vipande vyembamba, hupakwa kijiko 1 cha mafuta na kuchomwa. Mchicha huchemshwa kidogo na kukamuliwa, kwani maji yakibaki lazanya hulegea.

4. Vijiko 3 vya mafuta hukorogwa motoni na vijiko 3 vya unga uliotengwa pembeni. Maziwa humiminwa kidogo kidogo hadi mchuzi ushikane.

5. Matabaka hupangwa, jibini hunyunyizwa juu, na chakula huokwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 40. Pasipo oveni, sufuria huwekwa juu ya moto mdogo na makaa kupaliwa juu ya mfuniko.

Kwa vipimo hivi, kila mlaji hupata takriban gramu 1 ya chumvi. Ladha iliyopungua hufidiwa na saumu, pilipili manga na majani ya rehani.

Tahadhari

Mgonjwa wa kisukari hufaidika tabaka moja la tambi likibadilishwa kwa bilinganya. Mgonjwa wa figo aliyeshauriwa kupunguza potasiamu asile chakula hiki kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa nyanya na mchicha vina potasiamu nyingi. Asitumie pia chumvi mbadala zenye madini hayo. Atumiaye dawa ya warfarin asiongeze mboga za majani kwa ghafla, maana vitamini K hupunguza nguvu ya dawa. Asiyevumilia ngano atumie bilinganya badala ya tambi zote, na mchuzi mweupe ukorogwe kwa unga wa mahindi.

Masalio yawekwe kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita, na yapashwe hadi yatoe mvuke.

Mhudumu wa afya anapomhoji mgonjwa, swali la manufaa si "Je, umeacha chumvi?" bali ni nani anayepika nyumbani, na anapima chumvi kwa nini. Mpishi huyo ndiye anayestahili kuitwa kliniki pamoja na mgonjwa.