Digrii na Kazi: Anzia kwenye Zoezi la Darasani

Binti yangu yuko mwaka wa 2 Chuo Kikuu cha Egerton, anasomea kilimo. Je, asubiri atachimenti ndipo ajifunze kazi? (Mama mzazi, Molo)

Asisubiri, mama. Atachimenti ni ya muda mfupi, na wengi huifikia mikono mitupu. Akipewa insha kuhusu magonjwa ya viazi, asiishie maktabani. Nyinyi mko Molo, viazi viko mlangoni. Achague mmea ulionyauka, akate kipande cha shina na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Ukiona utomvu mweupe ukishuka kama uzi, huo ni mnyauko wa bakteria. Kisha amwandikie jirani ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: asitoe mbegu katika shamba hilo, na msimu ujao apande nafaka. Mhadhiri atamwekea alama zake, na jirani atapata msaada. Mwajiri naye ataonyeshwa ukurasa huo.

Egerton yenyewe, iliyoko Njoro, haikuanza na vitabu vitupu. Lord Egerton alianzisha mahali hapo mwaka 1939 kama shule ya ukulima, pakawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Tangu 2016, kupitia mradi wa RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika, ulioshirikisha Egerton na Chuo Kikuu cha Gulu cha Uganda, wanafunzi wamefanya utafiti pamoja na wakulima wenyewe. Moyo huo ninautaka katika kila kozi.

Mimi nasoma historia. Hayo ya shamba yananihusu nini? (Mwanafunzi, Njoro)

Shamba lako ni Hyrax Hill, hapo nje kidogo ya jiji la Nakuru, alipochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937. Mwombe mhadhiri akukubalie, badala ya insha moja, uandae maelezo ya dakika kumi kwa watoto wa shule ya msingi wanaozuru kilima hicho. Utachuja ushahidi, utapanga muda, utajibu maswali usiyoyatarajia. Kazi za ofisini zinadai hayo hayo.

Nina wanafunzi 200 na mtaala umejaa. Nifanye nini? (Mhadhiri, Nakuru)

Usianzishe kozi mpya, mwalimu. Utaisubiri idhini mpaka uchoke. Chukua zoezi moja ulilo nalo, lipe msomaji halisi, kisha dai aya moja mwishoni: nilifanya nini, palinishinda wapi, nilirekebisha vipi.

Aya hiyo naisisitiza kwa sababu niliwahi kumhoji kijana wa kemia aliyeomba kazi. Nilipomuuliza anaweza kufanya nini, alinitajia majina ya kozi. Nikamgeuzia swali: mradi wako wa mwaka wa 4 ulihusu nini? Akachangamka, akanieleza kwa robo saa jinsi alivyozunguka visimani akipima floridi, madini ambayo yakizidi hubabua meno ya watoto wetu katika Bonde hili la Ufa, na jinsi alivyorudia vipimo vilivyotofautiana. Katika wasifukazi wake hapakuwa na neno hata moja kuhusu visima hivyo.