Mheshimiwa Spika, Naomba Kuuliza
Kijitabu kuhusu maswali ya wabunge wa upinzani na kazi ya mwananchi baada ya jibu

Bunge linapokutana Dodoma, kikao huanza saa 3:00 asubuhi kwa dua, na muda si mrefu Katibu hutangaza maswali. Wananchi wengi huona hapo hakuna jambo. Husubiri mjadala wa jioni, wabunge wanapopandisha sauti na kuombana kufuta kauli. Sisi tulioandaa kijitabu hiki tunaamini kuwa muda huo wa maswali, usiozidi dakika 90, ni miongoni mwa saa muhimu kuliko zote katika nchi. Waziri analazimika kusimama, kutaja kiasi au tarehe, na maneno yake kuandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard.

Haki hiyo haikutolewa na Spika wala chama. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Inapoanza kutaja njia za kufanya kazi hiyo, ya kwanza kabisa ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwa hiyo mbunge wa upinzani anaposimama kuihoji Serikali haombi fadhila, wala hapingi maendeleo kama baadhi yetu tulivyozoeshwa kusema. Anafanya kazi aliyotumwa.

Mbunge wa chama tawala naye huuliza, na mara nyingine kwa ukali zaidi. Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe wa CCM, na taarifa yake ndiyo iliyotangulia kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi Februari 2008. Lakini mbunge wa chama tawala ana milango mingine: hukutana na mawaziri katika vikao vya chama, na huweza kumaliza jambo kabla halijafika ukumbini. Mpinzani hana mlango huo. Alichonacho ni kipaza sauti na nyaraka alizozipata kwa jasho lake, ndiyo maana swali lake huwa la hadharani tangu mwanzo, nawe unaweza kulisikia.

Swali linavyosafiri

Swali la kawaida huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, nalo huelekezwa kwenye wizara inayohusika. Jambo lisilo la Muungano kwa upande wa Zanzibar, kwa mfano shule ya msingi ya Micheweni, haliulizwi Dodoma. Huulizwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Wataalamu wa wizara huandaa jibu, na siku ikifika waziri au naibu wake hulisoma. Hilo huitwa jibu la msingi.

Kisha Spika humruhusu muulizaji kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo pa kutega sikio. Jibu la msingi limeandikwa mezani kwa utulivu, lakini swali la nyongeza humkuta waziri na yale tu aliyonayo kichwani. Mpinzani aliyejiandaa hulitunza swali lake zito kwa ajili ya nafasi hiyo.

Kuna majibu ambayo kila msikilizaji wa Bunge anayafahamu: “mchakato unaendelea”, “Serikali ipo mbioni”, “tutatenga fedha kwa kadiri zitakavyopatikana”, “upembuzi yakinifu unafanyika”. Si lazima yawe uongo. Ubaya wake ni kwamba hayana kipimo, na lisilo na kipimo halidaiwi. Mara nyingi kosa huanzia kwa muulizaji. Akiuliza, “Je, ni lini Serikali itawapatia maji wananchi wa kata yangu?” amemfungulia waziri mlango wa kusema mchakato unaendelea. Akiuliza, “Katika fedha zilizoidhinishwa kwa mradi huu mwaka jana, ni kiasi gani kimeshatoka Hazina, kilipokelewa tarehe ngapi, na mkandarasi amelipwa hati ngapi?” mlango umebaki mmoja tu. Tungependa kila mbunge, wa chama chochote, aulize namna hiyo ya pili.

Alhamisi kuna utaratibu mwingine. Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo kwa nusu saa, bila kupewa swali kabla. Palipo na Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, kama alivyokuwa Freeman Mbowe kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, yeye kwa kawaida hupewa nafasi ya kwanza.

Buzwagi, 2007

Tunaieleza kadhia hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha gharama ya kuuliza. Mwezi Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge kijana wa CHADEMA kutoka Kigoma Kaskazini, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama. Mkataba huo ulisainiwa London mwezi Februari mwaka huo. Swali lake lilikuwa jepesi kueleweka hata na mtu asiyejua lolote kuhusu madini: kwa nini mkataba wa dhahabu ya Kahama usainiwe London, tena wakati Serikali yenyewe imesema inapitia upya mikataba ya madini?

Bunge liliikataa hoja. Zaidi ya hapo, Zitto alisimamishwa ubunge hadi Januari 2008 kwa madai kwamba amemsingizia waziri kulidanganya Bunge. Kwa hesabu za kura, alishindwa kabisa. Ila swali lilikuwa limeshatoka ukumbini na kuingia kwenye daladala na vijiweni. Novemba 2007, adhabu yake ikiwa bado haijaisha, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuishauri Serikali juu ya sekta ya madini, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe. Mwaka 2010 ilipitishwa Sheria mpya ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, nao ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi. Hatusemi swali moja lilileta yote hayo. Tunasema kwamba kura ya siku ile haikuwa mwisho wa swali.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2014, ambapo David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, mbunge wa Kigoma Kusini, alilishikia bango suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa zimehifadhiwa Benki Kuu wakati shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL wakivutana. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikagua, TAKUKURU ikachunguza, na Novemba Kamati ya Hesabu za Serikali ikaleta taarifa yake bungeni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zitto, mpinzani. Makamu wake, Deo Filikunjombe wa Ludewa, alikuwa mbunge wa CCM, na walisimama bega kwa bega. Kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Waziri wa Nishati na Madini walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi ameondolewa.

Kushika shilingi

Kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge hujadili bajeti. Wizara moja moja ikifikishwa kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutangaza kwamba “anashika shilingi” ya mshahara wa waziri. Shilingi moja haimfukarishi mtu, lakini mbunge akiishika, wenzake hupata nafasi ya kuchangia jambo hilo hilo moja, waziri hujibu tena, na hoja isipoondolewa hupigiwa kura. Mara nyingi shilingi hurudishwa baada ya waziri kutoa ahadi, nayo ahadi hiyo imo kwenye Hansard. Ukisikia mbunge wako anashika shilingi, acha ulilokuwa unafanya usikilize.

Mipaka

Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano bungeni: mbunge hashtakiwi mahakamani kwa aliyoyasema ndani ya ukumbi. Akiyarudia kwenye mkutano wa hadhara, kinga hiyo haimfuati. Hata ndani ya ukumbi, Spika anaweza kumtaka athibitishe au afute kauli, na akikataa anaweza kuadhibiwa. Adhabu hiyo isipotumiwa kwa haki huwanyamazisha wengi kuliko yule mmoja aliyeadhibiwa, na hilo linapaswa kutusumbua sote, mpinzani na asiye mpinzani.

Mpaka mwingine ni wa idadi. Kambi Rasmi ya Upinzani haiundwi mpaka wapinzani wafikie asilimia 12.5 ya wabunge wote. Baada ya uchaguzi wa 2020 hawakufika hapo, na Bunge likakaa bila Kiongozi wa Kambi. Nacho kioo cha televisheni kilikuwa kimezimwa mapema zaidi: Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu iliyotajwa ikiwa gharama. Kwa maoni yetu, gharama ya mwananchi kutosikia ilikuwa kubwa kuliko ya mitambo.

Wewe ufanye nini

Mbunge yeyote anaweza kubeba swali lako, si lazima awe wa jimbo lako. Wabunge wa viti maalumu pia. Mwandikie kwa ufupi: mradi gani, uko kijiji gani, ulitengewa fedha mwaka gani wa fedha, umekwama wapi. Ambatisha picha au nakala ya bango la mradi. Mbunge wa upinzani mwenye watu wachache wa kumsaidia utafiti atakushukuru.

Jibu likitolewa, andika kwenye daftari tarehe ya kikao, namba ya swali, jina la waziri na ahadi yenyewe neno kwa neno. Hansard hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Kisha lipeleke jibu hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, umwulize mtendaji: waziri amesema fedha zimeletwa, sisi tumezipokea?

Mtendaji akikosa jibu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua kwa halmashauri ukiomba taarifa ya mapokezi na matumizi ya fedha za mradi huo. Sheria inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Nenda na nakala mbili, moja waachie, na usiondoke masijala kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.