Baiskeli ya Umeme Milimani: Je, Mota Ndogo Itaweza?

Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja anayeishi milimani. Ni mhudumu wa afya wa jamii, ana umri wa miaka 54, na kila wiki hupanda na kushuka vilima kwa miguu akiwatembelea wajawazito na wagonjwa walio majumbani. Ana presha na anatumia dawa. Muuguzi wa zahanati amemwambia afanye mazoezi, lakini asijichoshe kupita kiasi. Baiskeli anaijua tangu usichana wake.

Sasa mwanawe anataka kumnunulia baiskeli ya umeme ya wati 250 kwa fedha za mavuno. Baba wa nyumba hataki. Anasema mota ndogo namna hiyo ni ya tambarare, na kwamba mlima wa kwanza utaiua mota, wa pili utamuua mama. Mama anatuuliza: nani anasema kweli?

Swali hili ni la fedha na pia ni la afya. Tulichunguze pole pole.

Baiskeli hii ni kitu gani?

Ni baiskeli kama tunazozijua, yenye pedali, mnyororo na gia, ila imeongezewa mota ndogo na betri. Ukikanyaga, mota inakusaidia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli inayohesabiwa kuwa baiskeli na si pikipiki ina mota isiyozidi wati 250, na msaada wake hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Hizi ndizo tunazoziita za nguvu ndogo.

Wati ni kipimo cha nguvu. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida akikanyaga bila kuhema sana hutoa wati 75 hivi. Kwa hiyo mota ya wati 250 ni kama kuongezewa miguu ya watu watatu. Si kidogo, lakini si ya pikipiki.

Mlima unadai nini?

Mlima haudanganyiki. Unadai kulipwa kwa kadiri ya uzito, ukali wa mwinuko na mwendo. Tuchukue mwendeshaji, baiskeli na mkoba wa dawa, jumla kilo 100, katika barabara nzuri. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake ni kupanda mita 10 kwa kila mita 100 za njia. Mahitaji yake ni haya:

1. Mwinuko wa asilimia 3, kwa kilomita 12 kwa saa: wati 140 hivi.
2. Mwinuko wa asilimia 6, kwa kilomita 10 kwa saa: wati 200 hivi.
3. Mwinuko wa asilimia 10, kwa kilomita 10 kwa saa: wati 300 hivi.
4. Mwinuko wa asilimia 15, kwa kilomita 8 kwa saa: wati 350 hivi.

Mota na miguu kwa pamoja hutoa wati 325. Basi mwinuko wa kwanza na wa pili ni rahisi. Wa tatu unawezekana, lakini mwendeshaji akiacha kukanyaga, mota peke yake haitoshi. Wa nne unadai kupunguza mwendo hadi karibu na ule wa mtu anayetembea upesi. Njia ikiwa ya changarawe au tope, au ukimpakia mtoto nyuma, deni linaongezeka.

Mfano: kutoka Mombo hadi Lushoto

Wengi wetu tunaijua barabara hii ya Usambara. Mombo iko chini, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Safari ni kilomita 33 hivi. Ukiitazama kutoka chini inatisha, lakini ukigawanya mita 1,000 za kupanda kwa urefu wa njia, wastani ni asilimia 3 tu. Waliopasua barabara waliizungusha kwa kona nyingi ili mwinuko usiwe mkali.

Kuinua kilo 100 mita 1,000 kunahitaji nishati ya wati-saa 270. Ongeza msuguano wa tairi na upepo, na jumla inafika 380 kwa makadirio. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360, na robo yake hivi hupotea kama joto kabla ya kufika kwenye gurudumu. Kwa hiyo anayekaa tu akiiachia mota kazi yote ataishiwa njiani, kama kilomita 10 kabla ya mji. Hapo atakuwa na mzigo wa chuma wa kilo 20 na ushee wa kukokota.

Lakini anayekanyaga kwa wati zake 75, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, atafika baada ya saa 2 na dakika 45, na karibu theluthi ya betri itakuwa imebaki. Tofauti kati ya hao wawili ni miguu, wala si bei ya baiskeli.

Mota iko wapi?

Kabla ya kununua, tazama mota ilipofungwa. Ziko aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza iko kwenye kitovu cha gurudumu. Ni rahisi kwa bei na kwa matengenezo, lakini haitumii gia za baiskeli. Mlimani gurudumu likizunguka taratibu mno, mota hiyo inakula umeme mwingi na kutoa nguvu kidogo, na umeme uliobaki unageuka joto. Ukiilazimisha kwa muda mrefu inaungua. Hapo baba wa nyumba ana haki.

Aina ya pili iko chini, mahali pedali zinapozungukia. Nguvu yake inapita kwenye mnyororo na gia kama nguvu ya miguu. Ukiweka gia nyepesi, mota inaendelea kuzunguka upesi hata kama gurudumu linakwenda pole pole. Kwa wati zile zile 250, hii hupanda vizuri zaidi. Ni ghali zaidi, na mnyororo wake huisha mapema.

Mwili unafaidi nini?

Wengine husema baiskeli ya mota ni ya wavivu. Si kweli, mradi mtu akanyage. Mlimani kwa baiskeli ya kawaida mtu wa makamo hulazimika kutumia nguvu zake zote, moyo unapiga kwa kasi, kisha anashuka kusukuma. Mota inampunguzia kilele cha mzigo, naye anabaki katika kazi ya wastani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia, na mazoezi ya namna hii husaidia kushusha presha na sukari.

Utajuaje kuwa kazi ni ya wastani? Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Ukishindwa kusema, ongeza msaada wa mota au pumzika. Kipimo hiki kinawafaa pia wanaotumia dawa kama atenolol, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo kupanda, na kuhesabu mapigo kunaweza kuwadanganya.

Mambo mengine ya kuangalia:

(a) Mwenye presha apimwe kwanza. Ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, atibiwe kabla ya kuanza mazoezi.
(b) Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide achukue sukari au juisi mfukoni. Akitetemeka au kutoka jasho la baridi, asimame na kunywa.
(c) Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni amri ya kusimama na kwenda hospitali, hata kama maumivu yamekwisha.
(d) Kwa ajili ya magoti, tumia gia nyepesi na kukanyaga upesi. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini, goti linabaki limekunjwa kidogo tu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

Wahenga hawakukosea. Nishati ya kuinua kilo 100 mita 1,000 ingetosha kuchemsha lita 3 za maji. Wakati wa kurudi, nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, na iliyobaki inaishia kwenye breki. Baiskeli hizi ni nzito kuliko za kawaida, na mota nyingi hazisaidii kuzuia mwendo. Kwa hiyo kagua breki kila safari. Usizishike mfululizo mteremko mzima. Punguza mwendo kabla ya kona, ziachie, kisha shika tena, na usimame zipoe. Vaa kofia ngumu. Anayejiuliza kama mota itapanda ajiulize pia kama breki zitashuka.

Betri nayo ina masharti. Ichajiwe kwa chaja yake, mchana, mahali unapoweza kuiona, mbali na kitanda na mbali na mlango wa kutokea. Ikiwa na moto wa mlimani, iache ipoe kwanza. Iliyovimba au kupasuka isichajiwe tena.

Pima mlima wako

Usiamini macho, wala maneno ya muuzaji. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pimamaji ya mwashi. Laza ubao kando ya njia kuelekea juu, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ionyeshe usawa, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 6 ni mwinuko wa asilimia 6. Pima mahali pakali kuliko pote, na pima mara kadhaa.

Jibu letu kwa mama

Mama, tulikuomba upime, nawe ukapima. Njia yako kubwa ni kati ya sentimita 4 na 8. Hiyo wati 250 zinaiweza ukikanyaga, na moyo wako utashukuru. Lakini kipande cha mwisho, kile cha mita 600 kwenda vitongoji vya juu, ni sentimita 16 na ni cha mawe. Hicho usikipande kwa baiskeli. Iache kwa jirani unayemwamini pale chini, uende kwa miguu kama zamani. Mwombe mwanao atafute yenye mota kwenye pedali. Fedha zisipotosha, ni heri kungoja mavuno mengine kuliko kununua ya kitovu itakayoungua. Na kabla ya yote, nenda zahanati ukapime presha.

Baba naye tumpe haki yake: aliogopa kitu cha kweli. Twende naye dukani, aijaribu mwenyewe mlimani kabla fedha hazijatoka.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika njia zetu, ni wapi panapozidi asilimia 10?
2. Nani kati yetu hajapima presha mwaka huu?
3. Breki za baiskeli zetu za sasa zilikaguliwa lini na fundi?

Tunawatakia afya njema. Tukutane mwezi ujao.